Kuazima si Kukopa

Anayekopa kibaba cha mchele kwa jirani hurudisha kibaba kingine. Mchele wa kwanza umekwisha kuliwa, wala hakuna anayeudai. Anayeazima jembe hurudisha jembe lilelile, na mpini wake. Ni kweli kwamba watu husema hata "niazime shilingi elfu", lakini msemaji na msikilizaji wote wawili wanajua kuwa noti itakayorudi siyo ile iliyotoka. Kitabu kimo upande wa jembe. Hakiliwi, na kwa kuwa hakiliwi, mtu aliyekaa nacho miaka kumi hawezi kujitetea kwamba kimekwisha.

Achukuliwe kwa mfano mwanafunzi mzaliwa wa Kirongwe, kisiwani Mafia, anayesoma Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika chumba cha vitabu cha idara, ambacho mlinzi wake ni daftari moja na uaminifu wa watu, anaazima Tendi, mkusanyo wa tendi sita uliotolewa na J. W. T. Allen mwaka 1971, kitabu kilichoadimika madukani tangu zamani. Likizo inafika. Kitabu kinapanda basi la Nyamisati, kinavuka kwa boti hadi Kilindoni, na usiku, baada ya isha, kinasomwa barazani kwa sauti. Wazee ambao hawajapata kuingia maktaba yoyote wanamkatiza msomaji, wanamsahihisha matamshi, wanabishana juu ya neno moja mpaka taa inakwisha mafuta. Tarehe ya kurudisha inapita. Mwanafunzi anafunua karatasi ya tarehe iliyobandikwa nyuma ya jalada, anaona kwamba kabla yake kitabu hakikuazimwa kwa miaka mingi, na anajiuliza: kitabu hiki kina uhai wapi, rafuni au barazani?

Hoja hiyo ina uzito, wala haifai kuzimwa kwa kutaja kanuni na faini. Tena ina mwenzake mkali zaidi: tendi ni mali ya pwani tangu asili. Allen huyohuyo ndiye aliyeorodhesha miswada ya Kiswahili na Kiarabu, pamoja na kanda za sauti, iliyohifadhiwa katika maktaba ya chuo hicho, katika katalogi iliyochapishwa mwaka 1970. Na miswada ya namna hiyo ilitunzwa kwanza katika masanduku ya familia za mwambao. Mafia nayo imetoa maneno yake. Mwanaanthropolojia Pat Caplan alianza utafiti kaskazini mwa kisiwa katika miaka ya 1960, na shajara aliyoiandika mwanakijiji mmoja kwa Kiswahili ikaingia katika kitabu cha Caplan cha mwaka 1997, kilichotoka kwa Kiingereza. (Kitabu chake kingine, Mikidadi wa Mafia, kilikuja kutolewa kwa Kiswahili; huko ndiko kurudisha.) Je, kisiwa kilichotoa hivyo hakina haki ya kushika kitabu kimoja?

Kina haki ya kudai. Kushika ni jambo jingine. Mafunzo ambayo mtoto wa pwani huyapata mapema chuoni kwa mwalimu wake yanataka amana irudishwe hata kwa mtu aliyekwisha kuhini. Deni la chuo kikuu kwa pwani, kama lipo, lidaiwe kwa jina lake: nakala ziletwe, miswada ifunguliwe kwa wajukuu wa walioiandika. Halilipwi kwa kitabu kilichotoka kwa saini ya azima.

Aidha, anayepunjwa hapa si chuo. Mwenye jembe anajua jembe lake liko wapi, na asubuhi ya kulima atabisha hodi. Mwenye kitabu cha idara ni mwanafunzi wa mwaka kesho kutwa, ambaye bado yumo sekondari, na ambaye hatabisha hodi kwa sababu hatajua kwamba kuna cha kudai. Ataandika tasnifu yake bila kitabu kile, nayo itapita. Karatasi ya tarehe huonyesha waliochukua tu. Haionyeshi aliyesoma palepale mezani, wala aliyekuja akakuta pengo rafuni akaondoka.

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi pwani, wana kauli ya kufaa hapa: kilichoazimwa kikichakaa kwa matumizi yaliyoruhusiwa, muazimaji hadaiwi, kikiharibika kwa njia nyingine, analo jukumu. Basi ukurasa uliolainika kwa vidole vya wasomaji wa Kirongwe hauna fidia. Ukiliwa na mchwa, au ukiloa maji ya chumvi botini, unalipwa.

Na yaliyomo ndani? Hayo hayakuazimwa hata kidogo. Aliyehifadhi beti mia kwa moyo hadaiwi hata ubeti mmoja. Ndiyo maana mwanafunzi wa mfano huu, akiisha kulitambua hilo, anaomba siku tatu tu. Anatafutwa kijana mwenye mwandiko mzuri na daftari kubwa la mistari. Mzee mmoja anasoma, kijana anaandika, wengine wanasikiliza kama kuna neno lililorukwa. Siku ya nne kitabu kinafungwa katika mfuko wa nailoni, kinawekwa katikati ya nguo, na kabla ya boti kuondoka Kilindoni mzee anauliza kama idara ile ina kitabu kingine.