Ribiti na Bolti

Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, ameeleza jinsi Waathene walivyoitunza merikebu ya Theseus: kila ubao uliooza waliutoa, wakapachika mpya, hata wanafalsafa wakagawanyika, hawa wakisema ni ile ile, wale wakisema siyo. Mabaharia wa mwambao, ambao majahazi yao hubadilishwa mbao pasi na kubadilishwa jina, huenda wangeliucheka mjadala huo.

Lakini swali hilo limezuka tena mezani kwa mafundi wa vifaa vya kompyuta za zamani. Mfano mmoja ni kibodi ya IBM iitwayo Model M, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1985. Chini ya kila kitufe mna springi inayojipinda ghafla kidole kinapobonyeza, ikatoa mlio mkavu ambao wapenzi wake hawaubadili kwa mwingine wowote. Ndani yake, bamba la plastiki limeshikamanishwa na bamba la chuma kwa ribiti ndogo za plastiki, ambazo vichwa vyake viliyeyushwa kiwandani kwa moto. Plastiki huzeeka. Ribiti hukatika moja moja, vichwa vikacheza ndani kama mbegu za kayamba, na vitufe vikalegea.

Ribiti hizo hazina dukani pa kununuliwa, kwani zimefinyangwa pamoja na bamba lenyewe. Fundi hana budi kuvikata visiki, kutoboa kwa keekee nyembamba, na kutia bolti na nati za milimita mbili.

Je, huo ni uaminifu au khiyana? Ikiwa uaminifu ni kukirudisha kitu kama kilivyotoka kiwandani, bolti imekosea. Ila kiwanda nacho kina la kujibu. Kuyeyusha ribiti ni kukifunga kitu kana kwamba hapana mkono utakaokifungua tena. Bolti hufunguka, aliyeitia amemfikiria fundi asiyemjua, pengine hajazaliwa, na heshima hiyo ni nzito kuliko heshima ya mchoro wa mhandisi. Lisilo na utetezi ni kuiuza kibodi hiyo kwa jina la "haijaguswa", na wauzaji wa namna hiyo hawajakosekana katika biashara yoyote ya vitu vya kale. Hapo kosa ni la ulimi, bolti haina dhambi.

Atakayeifungua miaka thelathini ijayo atazikuta, huenda zimeshika kutu, na bisibisi na spana ndogo zitamtosha.