Bei Halali na Ukubwa wa Gemu

Gemu mbili zaweza kuuzwa bei moja, ilhali moja inameza nusu ya diski na nyingine haifiki gigabaiti moja. Wapo wanunuzi wanaoona dhuluma hapo: mwenye gigabaiti 100 amepata mali, mwenye megabaiti 500 amepunjwa. Lalamiko hilo limebeba swali la kale la wanafalsafa na wanadini, yaani kama thamani ya kitu imo ndani yake au imo katika haja ya anayekitaka.

Augustino wa Hippo, katika kitabu chake Mji wa Mungu cha karne ya 5, alitenga vipimo viwili. Kimaumbile, chenye uhai hukizidi kisicho na uhai. Sokoni, hata hivyo, farasi aliuzwa ghali kuliko mtumwa, na kito kuliko mjakazi. Katika karne ya 13 Tomaso wa Akwino aliikubali hoja hiyo: bei hufuata manufaa, si daraja la kitu katika uumbaji. Lakini hakumwachia muuzaji afanye atakavyo. Anayejua kasoro ya bidhaa na kuiuza kama nzima amelaghai. Katika Uislamu nako, Mtume anasimuliwa kukataa kupanga bei zilipopanda Madina, ilhali sura ya Al-Mutaffifin inawaonya vikali wapunjao vipimo. Bei imeachiwa soko, udanganyifu haukuachiwa.

Soko la miraa la Laare, Igembe Kaskazini nchini Kenya, huendeshwa kila siku kwa mantiki hiyo ya bei kufuata manufaa. Kifungu kiitwacho kilo hakipandi kwenye mizani. Mnunuzi hukifungua jani la mgomba, akatazama rangi ya vijiti, akaonja ulaini wa ncha, akauliza umri wa mti. Miraa ya mbaine, miti iliyoachwa na mababu, huheshimiwa kuliko ya miti michanga. Aina iitwayo giza ni fupi na huipita bei miraa ndefu. Wakati wa kiangazi bei hupanda, mvua ikinyesha hushuka, na mzigo uliochelewa siku mbili hupoteza thamani ingawa haujapungua hata kijiti kimoja.

Tukirudi kwenye gemu, wanaotetea ukubwa wana hoja moja nzito, nayo ni jasho: faili kubwa ni ushahidi wa kazi kubwa. Kwa gemu hoja hiyo mara nyingi hugeuka kichwa chini. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ilikaa katika kilobaiti 40 hivi, na ili itoshe, mawingu na vichaka vyake vilitumia mchoro uleule, rangi tu ikabadilishwa. Kubana ndiko kulikokuwa kazi. Gigabaiti nyingi za leo hutokana na picha za kina, sauti zisizobanwa na lugha ambazo mchezaji hatazisikia kamwe. Call of Duty: Modern Warfare ya 2019 ilipita gigabaiti 200 kwenye kompyuta baada ya masasisho yake. Stardew Valley, iliyotoka 2016 kwa mikono ya Eric Barone peke yake baada ya zaidi ya miaka minne ya kazi, ni takriban megabaiti 500, na imeuza makumi ya mamilioni ya nakala kwa dola 15 hivi. Haifuati kwamba ndogo ndiyo bora. Gemu ndogo mbovu zimejaa tele. Ukubwa haushuhudii lolote, si kwa wema wala kwa ubaya.

Tena ukubwa ni gharama, na gharama hiyo humwangukia mnunuzi. Kijana wa Laare anayepakua gemu kwa bando la simu hulipa mara mbili: kwanza gemu yenyewe, kisha kila gigabaiti yake, na nafasi ya simu ikijaa hufuta nyingine. Kwa kipimo cha Akwino, basi, kuuza gemu ghali si dhambi, na kuuza gemu ndogo kwa bei ya kubwa si dhuluma. Dhuluma ni kuitangaza gemu kwa wingi wa gigabaiti kana kwamba ndio ubora, au kuuficha ukubwa wake mpaka mteja awe amekwisha kulipa.