Ndumilakuwili hafungwi

Jumamosi iliyopita nilikuwa Ngenge nimefuata maharage, mvua ikanifungia kwenye baraza la duka. Niliofungiwa nao walikuwa vijana wanne waliobanana kwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka. Mwenye simu, mwanafunzi wa kidato cha pili, alikuwa akiwasomea wenzake katuni ya Kizungu, mojawapo ya hizi za mtandaoni zinazoongezwa kurasa miaka nenda, miaka rudi. Ni kundi la majambazi katika nchi ya majini na mazimwi. Wana mchawi wao, ambaye kila akitaka kuwageuza askari wawe vyura, wanaogeuka ni wenzake. Kijana alikuwa anatafsiri papo hapo, na kila jambazi alimpa lafudhi: huyu Mhaya wa Ihangiro, yule Msukuma aliyepoteza ng'ombe. Nilicheka mpaka nikasahau maharage.

Mzee mmoja hakucheka. "Ndivyo mnavyofundishwa wizi," alisema. Kisha akanigeukia. "Na wewe, waitu, mtu mzima mzima, unawachekea." Kijana akasema "samahani babu," akaizima simu. Tukabaki tunatazama mvua.

Tangu siku hiyo nabishana na mzee yule kichwani, na kichwani mwangu ni hodari wa hoja kuliko alivyokuwa pale barazani. Huku kwetu neno jambazi lina uzito wake. Wakimbizi wa Rwanda walipofurika Ngara mwaka 1994, na silaha nazo zikazagaa, barabara za mkoa huu hazikuwa tena zile. Aliyekwenda Mwanza kwa basi miaka ile analikumbuka pori la Kasindaga: mabasi yanasubiriana, askari wanapanda na bunduki, gumzo linakatika, na mama mmoja anaingiza noti kwenye nguo za mtoto mgongoni. Mzee angeniuliza, ungelazwa kifudifudi kwenye vumbi lile ungecheka? Nisingecheka. Wala sijawahi kusikia mtu anayesimulia Kasindaga kama kichekesho.

Lakini matapeli tuliokua nao sisi hawakushika bunduki. Silaha yao ilikuwa mdomo. Nazungumzia jarida la Sani, ambalo jina lake limeunganishwa kutoka kwa waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Nyumbani kwetu Kamachumu lilifika limechoka: limevuka ziwa kwa meli, limeshuka Kemondo, limepita mikono isiyohesabika, jalada liliishia njiani. Hatukujali. Humo walikuwamo Lodilofa, mwenye mikogo mingi na mfuko mtupu, Kipepe wa shamba, Madenge mtoto mtukutu, na yeye Ndumilakuwili, aliyebeba jina la nyoka anayesemekana ana vichwa viwili. Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji waliowapa sura, alifariki mwaka 1986. Wahusika hawakufa naye, wengine walichukua kalamu. Kwa jirani zetu Kenya, Edward Gitau alianza kumchora Juha Kalulu miaka ya 1950, akaendelea hadi wasomaji wake wa kwanza wakapata wajukuu.

Na hapo ndipo mzee wangu wa kichwani ananikamata shati. Ndiyo hiyo hatari yenyewe, anasema. Miaka yote hiyo Ndumilakuwili anatapeli na hafungwi! Wiki hii amekimbia na suruali imechanika, toleo lijalo yuko pale pale, amenyoosha shati, anatafuta mwingine wa kumla.

Ni kweli hafungwi. Riwaya ina bahati ya kuwa na ukurasa wa mwisho, mwandishi akimpeleka mwizi gerezani tunafunga kitabu tukalale. Katuni isiyoisha haina ukurasa huo. Inamrudisha mtu yule yule kila mara na uongo mpya, ndiyo maana mimi naiamini zaidi. Tapeli wa kweli naye ndivyo anavyokuja. Hamkutani naye mara moja mkaachana, anarudi kila msimu, na ukiisha kumwona mara hamsini kwenye karatasi unaanza kumjua kwa sauti kabla hajafika kwenye bei.

Mama yangu hakujua kusoma. Dada alikuwa akimsomea Sani jioni tukimenya ndizi, naye alikuwa na maswali mengi kuliko sisi, hasa kuhusu Ndumilakuwili: alimwambiaje yule mtu? Rudia hapo. Miaka ile, baada ya msako wa wahujumu uchumi wa 1983, sabuni na sukari zilikuwa bado za kutafutwa kwa tochi. Na kwenye vibanja vyetu vya kahawa kulikuwa na butura, na bado ipo ingawa inapigwa marufuku kila msimu. Mtu ananunua kahawa yako ingali ua mtini, kwa bei ya shida uliyo nayo siku hiyo. Mwaka mmoja mama aliuza kahawa ya kibanja kizima kwa namna hiyo. Tulivuna sisi, tukaanika sisi, magunia yakaondoka.

Mwaka uliofuata bwana aliyeinunua alirudi. Alikuja na kilo mbili za sukari na pole nyingi, kwa kuwa alikuwa amesikia kaka yetu amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Mama akasimama mlangoni, akapiga goti kama desturi ya Kihaya inavyotaka, akasema, "Karibu, Ndumilakuwili, karibu waitu." Bwana yule hakuwa msomaji wa Sani. Alidhani ni sifa, akaitikia kwa furaha. Sisi tulikimbilia nyuma ya nyumba tukiwa tumeziba midomo kwa viganja.

Mzee wangu hapa anatabasamu: kwa hiyo alimfukuza? Hapana. Ada ilitakiwa wiki ile ile. Alimuuzia. Ila safari hii alimtembeza kwenye mibuni mmoja baada ya mwingine, akamwonyesha ulio wake, akamkatalia uliofuata, na bei alianza kuitaja yeye. Sukari alipokea. Jamaa alipoishilia kwenye migomba sisi tuliangua kicheko mpaka tukalia machozi. Mama hakucheka, alikuwa amerudi kibanjani anahesabu mibuni iliyobaki.