Uongozi wa Skuli: Ni Ujuzi au ni Amana?

Katika baraza zetu husikika maneno mawili yanayopingana juu ya mkuu wa skuli. Wako wasemao: "Mtafuteni mcha Mungu, mengine yatajitengeza." Na wako wasemao: "Mpelekeni kozini, akirudi na cheti mambo yatanyoka." Sisi twaona kila kundi limeshika nusu ya haki, na nusu ya haki huweza kuharibu watoto wa watu.

Tuanze na kundi la kwanza. Abu Dharr (r.a.) alisifiwa na Mtume (s.a.w.) kwa ukweli wa ulimi wake. Hata hivyo, alipoomba kupewa uongozi aliambiwa kuwa yeye ni dhaifu, na kwamba jambo hilo ni amana, na Siku ya Kiyama ni hizaya na majuto, ila kwa aliyelishika kwa haki yake na akatekeleza yaliyo juu yake. Hapakuwa na upungufu katika dini ya Abu Dharr. Basi uchaji Mungu ni sharti, lakini peke yake hautoshi kuendesha kazi ya watu.

Nasi tukiri kosa letu. Tulikuwa miongoni mwa waliomchagua mudiri wa madrasa moja kwa wema wake tu. Tulimkabidhi funguo, tukamwombea dua, tukenda zetu. Hatukumfunza namna ya kuweka daftari la ada, wala kumsikiliza mwalimu aliyechoka, wala kumwita mzazi kabla mtoto hajakata kusoma. Baada ya miaka miwili darasa la juu lilikuwa tupu, na lawama zote zikamwangukia yeye. Dhulma kwa hakika ilikuwa yetu.

Serikali ya Kenya ililitambua jambo hili zamani. Mwaka 1981 ilianzishwa taasisi ya kuwafunza wasimamizi wa elimu, ambayo tangu 2010 yajulikana kwa jina la KEMI. Wakuu wa skuli hufunzwa humo kutunza fedha, kusimamia watu na kupanga kazi. Asiseme mtu kuwa haya ni ya dunia tu. Kuweka sawa hesabu ya mali ya mayatima na maskini ni katika dini.

Ama kundi la pili, na wamtazame Imam al-Ghazali. Mwaka 1091 alikabidhiwa kufundisha katika Nidhamiyya ya Baghdad, madrasa aliyoijenga Waziri Nidham al-Mulk na kufunguliwa mwaka 1067. Elimu yake haikuwa na shaka, na wanafunzi walijaa mbele yake. Lakini mwaka 1095 aliiacha kazi ile, kwani alipoipima niya yake aliona kuwa kinachomsukuma ni jaha na sifa. Ikiwa mtu kama yule aliiogopea nafsi yake, vipi sisi tutosheke na cheti kilichotundikwa ukutani?

Jawabu twaipata kwa Nabii Yusuf (a.s.). Alipoomba kusimamia hazina za Misri alitaja sifa mbili pamoja: kwamba yeye ni mwenye kuhifadhi, na ni mwenye kujua. Hakuitenga amana na ujuzi. Nahodha ajuaye kutweka tanga lakini hajui bandari aendayo hupoteza abiria. Na ajuaye bandari lakini hajui tanga, vile vile hawafikishi.

Kwa hivyo, ndugu zetu, kabla hatujamkabidhi mtu skuli au madrasa, tumwulize: watoto hawa wawafunza ili wawe watu gani? Kisha tumpeleke akajifunze kazi, kwa gharama yetu sisi wenye kamati na wazazi. Naye akirudi, awakusanye walimu na wazee, makusudio yale yawe ya wote, yasiwe siri ya ofisi yake. Na tusimwache peke yake. Kila mchungaji ataulizwa juu ya alichokichunga, nasi tuliomweka tutaulizwa pia.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe.