Kupaswa na Kudaiwa

Kiingereza kina neno dogo ambalo wanafalsafa wamelibebesha mzigo mkubwa: "ought". Sisi tungesema "kupaswa". Mwaka 1740 David Hume alilalamika kwamba waandishi wa maadili huanza kwa kueleza mambo yalivyo, kisha ghafla wanahamia kwenye yanavyopaswa kuwa, bila kutuonyesha walipovukia. Wasomi wanabishana hadi leo kuhusu kivuko hicho.

Neno lenyewe, hata hivyo, halikuzaliwa darasani. "Ought" ilikuwa wakati uliopita wa "owe", yaani kudaiwa. Na "owe", ukiifuata hadi Kiingereza cha kale, unakuta kitenzi "agan", kilichomaanisha kuwa na kitu, kumiliki. Humo ndimo ilimotoka pia "own". Kumiliki, kudaiwa, kupaswa: ndugu wa tumbo moja.

Kilatini nacho kilipita karibu na hapo. "Debere", kudaiwa, imeundwa na maneno yanayomaanisha kuwa na kitu kilichotoka kwa mwingine. Ndiyo asili ya "debt", deni, na "duty", wajibu. Kijerumani kina "Schuld", ambayo ni deni na ni hatia pia. Mwaka 1887 Friedrich Nietzsche alijenga juu yake hoja kwamba dhamiri ya binadamu ilichipuka katika uhusiano wa mdai na mdaiwa.

Nasi tuna "kuwiwa". Maana yake ya msingi ni kudaiwa, lakini siku hizi nalisikia zaidi kanisani na majukwaani: "Nawiwa kuwashukuru." Msemaji hadaiwi hata senti. Anachosema ni kwamba moyo unamsukuma.

Je, basi, kila tunachopaswa kufanya ni deni? Kwa kijana wa kwetu hili si swali la kamusi. Kifungua mimba akipata kazi, mshahara wa kwanza una wenyewe: ada ya mdogo wake, dawa za bibi, bati la nyumba ya wazazi. Akisita anaambiwa, "Umesahau nani alikusomesha?" Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, lakini methali hiyo inadhani kiasi kinajulikana. Mkopo wa chuo una salio, na siku moja utaisha. Deni la kulelewa halina salio, halina mkataba, na aliyekopeshwa alikuwa bado hajajua kusema.

Ndiyo maana wengine wanakataa moja kwa moja: sikuomba kuzaliwa, sidaiwi. Ukikubali kwamba wajibu ni deni tu, hoja yao ni ngumu kuijibu. Deni lisilo na makubaliano ni dhuluma.

Mimi navutwa na maana ile ya zamani zaidi, ya kuwa na kitu. Asili ya neno haithibitishi ukweli wa jambo, lakini inaweza kutuonyesha njia tuliyoipita bila kuiona. Tukianzia kwenye kumiliki, swali halitakuwa "nani ananidai?" bali "nina nini, na kimetoka wapi?" Ninachokiita changu, hata lugha ninayoandikia, kimepita katika mikono mingi. Wengi wa wenye mikono hiyo wamekufa, na wengine sitawajua kamwe. Hao hawalipiki. Kinachowezekana ni kukipitisha kwa anayefuata.

Njia hii inabadilisha mambo mawili. Kwanza, asiye na kitu hadaiwi. Kijana asiye na kazi haitwi mkosefu kwa kurudi nyumbani mikono mitupu. Pili, aliye nacho hamalizi wajibu wake kwa kumaliza kulipa, maana bado anacho. Mzazi naye hawi tena mkopeshaji anayesubiri marejesho. Mwanawe akimtumia fedha, anaweza kuzipokea bila kuhesabu ngapi zimebaki.