Adabu ya Mtazamaji: Kueleza Sheria na Mchezo Unaendelea

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, katika darasa letu la baina ya Maghribi na Isha, hapa mitaa ya mashariki ya Nairobi, kijana mmoja alileta swali ambalo wenzake walilicheka. Alisema: "Maalim, jana nilikuwa nikitazama watu wawili wakicheza sataranji barazani. Mmoja ni mjuzi, na wa pili ameanza kujifunza juma hili. Yule mjuzi alikila kitunda cha mwenzake kwa njia ambayo mwanafunzi hajapata kuiona, naye akadhani ameibiwa, akahamaki. Mimi sheria ile naijua. Nikinena, nimeingilia mchezo wa watu. Nikinyamaza, nimeficha elimu. Yanipasa nini?"

Wenzake wakasema huo ni mchezo tu, usiletwe msikitini. Sisi hatukucheka. Dini yetu haikuacha mahali pawili wanapokutana watu wawili na haki baina yao, ila imesema neno juu yake.

Kwanza tuiseme hukumu ya mchezo wenyewe, asije mtu akadhani tumeiruka. Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya sataranji. Wengi wao wameiharimisha. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu katika pwani hii na miji yake, ni makuruhu, maadamu haina kamari, wala haimpitishii mtu wakati wa Sala, wala haimtoi matusi mdomoni. Ama ikiwekwa fedha, hata shilingi kumi ya chai, basi imekwisha kuwa maisiri iliyokatazwa katika Sura ya Al-Maida, na hapo hapana tena haja ya kuuliza adabu ya mtazamaji: adabu yake ni kuondoka. Maneno yetu basi ni kwa wale wachezao bila ya fedha, baada ya kazi, na adhana ikilia huinuka.

Sasa turejee kwenye swali. Kijana wetu amechanganya vitu viwili vinavyofanana kwa sura na kutafautiana kwa hakika: kueleza sheria, na kumwonyesha mtu la kufanya. Sheria ni mali ya wachezaji wote wawili sawasawa. Hakuna mwenye kudhulumiwa kwa mwenziwe kuijua. Lakini shauri, mchezo ukiwa unaendelea, si haki ya yeyote katika wao kulipata kwa mtu wa tatu, kwa kuwa wamekaa kupimana akili zao, si akili za waliowazunguka.

Tabu ni kwamba mara nyingine neno la sheria hubeba shauri tumboni mwake. Nitakupa mfano wa kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilisimama juu ya ubao wa rafiki yangu akicheza na mzee mmoja wa mtaa wetu. Katika sataranji, shaha huruhusiwa mara moja kuruka miraba miwili kuelekea ngome yake, na ngome ikahamia upande wake wa pili. Lakini kwa sharti kwamba wote wawili hawajapata kusogezwa tangu mwanzo. Shaha wa rafiki yangu alikuwa amebanwa. Nikasema, kama mtu asemaye na hewa: "Shaha ambaye hajasogea bado ana ruhusa yake." Neno lile lilikuwa kweli tupu, na lilikuwa sheria tupu. Rafiki yangu akaliona, akafanya, akashinda. Yule mzee akainuka taratibu, akakung'uta kanzu yake, akasema: "Leo nimecheza na watu wawili." Kwa miezi mingi hakukaa tena kwenye ubao ule, nami nilimwendea nyumbani kwake kumtaka radhi. Alinisamehe, Mungu amrehemu. Lakini nilijifunza kwamba mtu aweza kudhulumu kwa ukweli akiusema si wakati wake, na kwa manufaa ya mmoja.

Tutazame mwongozo wa Mtume wetu (s.a.w.). Imepokewa na Bukhari na Muslim, kwa Abu Huraira, kwamba mtu mmoja aliingia msikitini akasali kwa haraka. Mtume hakumkatiza katikati. Alimwacha amalize, kisha akamrejesha arudie Sala yake, mara tatu. Yule mtu alipokiri kwamba hajui njia iliyo bora kuliko ile, na akaomba afundishwe, Mtume akamfundisha yote, tangu takbira mpaka mwisho. Na katika Sahihi Muslim iko habari ya Muawiya bin Al-Hakam, aliyenena ndani ya Sala kwa kutojua. Watu wakamkazia macho na kujipiga mapaja ili anyamaze. Mtume alipomaliza Sala alimwelimisha kwa upole, bila ya kumkaripia. Basi angalia, ndugu yangu: umati wote ulikuwa na elimu ile ile, lakini aliyeitoa kwa wakati wake na kwa namna yake ndiye aliyemfaa mwanafunzi.

Wala usidhani kwamba kusahihisha katikati ya jambo kumezuiliwa kabisa. Imamu akisahau, maamuma humzindua kwa "Subhanallah". Lakini neno hilo limewekwa na sheria yenyewe, lajulikana na wote, na husemwa kwa sauti wakasikia wote. Haliwi mnong'ono.

Kadhalika mafakihi wetu wa Kishafii wamemkataza kadhi kumtilia mmoja wa wagombanao hoja yake mdomoni, hata kama hoja hiyo ni ya haki, kwa sababu kiti chake ni cha wote wawili. Na Sura ya An-Nisaa yatuamrisha kusimama imara katika uadilifu, hata ukiwa juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu.

La kuangaliwa ni kwamba hata waliotunga kanuni za mchezo huu wamefikia maana iliyo karibu na hiyo. Shirikisho la Sataranji la Dunia, lililoanzishwa Paris mwaka 1924, limempa mchezaji haki ya kumwomba mwamuzi amweleze kifungu cha sheria hata mchezo ukiwa unaendelea. Lakini mtazamaji limemkataza kuingilia. Akiona kosa, amwambie mwamuzi peke yake. Elimu haikufungwa; imepewa mlango, na mlangoni pamewekwa mtu asiye wa upande wowote.

Basi jawabu letu kwa kijana ni hili. Ule mchezo wa kitunda alioushuhudia ni halali: kitunda kikisogezwa miraba miwili kutoka mahali pake pa kwanza, kikasimama ubavuni mwa kitunda cha adui, adui aweza kukila kana kwamba kilisogea mraba mmoja tu, nayo ni kwa zamu ile ile inayofuata, ikipita, haki hiyo imekwisha. Lau angelitamka hayo kabla mjuzi hajala, angelikuwa amempa shauri mmoja. Lakini kitunda kilikuwa kimekwisha kuliwa, na ugomvi umeingia. Hapo, kama hapana mwamuzi, awaambie wote wawili, "Mwaniruhusu niseme sheria?" Wakikubali, aiseme kwa sauti moja kwa wote, yote kwa sharti zake, kisha afunge mdomo. Asiongeze kwamba ilikuwa ni busara au ujinga. Na ikiwa hapana ugomvi wala hakuulizwa, anyamaze mpaka mchezo uishe, kisha amfundishe mwanafunzi kwa upole. Kuchelewesha elimu kwa nusu saa si kuificha.

Ama yule mjuzi, yeye anayo dhima kubwa zaidi. Ilimpasa kabla ya kusogeza kitunda cha kwanza amwulize mwenzake: "Sheria hii waijua? Na hii je?" Ushindi uliopatikana kwa mwenzio kutojua sheria si ushindi wa akili.

Pengine utasema, tumelikuza jambo dogo. Tazama basi tunapoishi. Pumwani na Majengo, Shauri Moyo, Kaloleni mpaka Eastleigh, Waislamu wa kila kabila wamekaa pamoja kwa vizazi: Mnubi na Msomali, Mkikuyu na Mkamba, na mtu wa pwani. Kwenye ubao wa sataranji au wa drafti ya vifuniko vya soda, yule anayenong'onezwa ni nani aghalabu? Ni mtu wa kwetu. Na yule anayeachwa na ujinga wake ni nani? Ni mgeni. Mtoto aliyesimama pale ajifunza kwamba sheria ni kitu anachopewa jamaa kwa siri. Kesho mtoto huyo atakalishwa katika kikao cha mirathi, au suluhu ya mume na mke, au kamati ya msikiti. Naye atawanong'oneza wa kwao kama alivyozoea barazani.

Basi, ndugu zangu, tuanze pale pale penye ubao. Lililo sheria tuliseme kwa wote. Lililo shauri tulizuie mpaka mwisho. Na asiyejua tumfundishe kabla hajaonewa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe ulimi wenye kunena haki kwa wakati wake, na moyo usiopendelea. Amin. Wabillahi tawfiq.