Zumari Nyumbani Lilie Mara Ngapi?

Wahenga wa Unguja walijisifu kwamba zumari likilia kisiwani, watu wa maziwa makuu huinuka wakacheza. Aghalabu msemo huo hutajwa kwa ajili ya kisiwa chenyewe: nguvu ya masultani, misafara ya pembe, lugha iliyopanda bara pamoja na shanga na kaniki. Wanaocheza upande wa pili hawaulizwi neno. Na hali wapo, wana kwao. Mojawapo ya mahali pao ni Kate, katika Wilaya ya Nkasi mkoani Rukwa, juu ya uwanda wa Ufipa, ambao kwa magharibi huporomokea Ziwa Tanganyika na kwa mashariki bonde la Ziwa Rukwa. Ni nchi ya nyasi na upepo, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, yenye miti haba na baridi ya kuuma mwezi wa Juni na Julai. Sauti ikitoka huko usiku haina cha kuizuia.

Siku hizi zumari la huko haliji na msafara. Limo mikononi mwa kijana wa papo hapo, mwenye spika mbili au nne, amplifaya, kompyuta ndogo, na jenereta inayofungwa nyuma ya pikipiki. Watu humwita DJ, na jina hilo limekwisha kuwa la Kiswahili kwa matumizi. Ndiye anayealikwa harusini, kwenye komunio ya kwanza na kipaimara, kwenye mahafali ya shule, na kwenye disko toto la Krismasi. Kijana wa namna hii yumo karibu katika kila kata ya Tanzania, na kila mmoja wao hufikwa mapema na swali moja: apige kwao mara ngapi?

Swali laonekana dogo, tena la biashara. Lakini limo katika jamaa ya maswali makubwa, kwani linauliza mtu mwenye kipaji anawiwa nini na watu waliomlea, na wao wanamuwia nini yeye.

Shauri analopewa mara nyingi ni moja: adimika. Asionekane kila Jumamosi. Apige kwao mara moja au mbili kwa mwaka, siku nyingine aende Namanyere, Sumbawanga, Mpanda, hata Mbeya akiweza, ili arudipo watu wajae na bei ipande. Wenye shauri hili wana hoja zao. Mazoea yana taabu. Nabii hakosi heshima ila kwao. DJ wa mbali, hata akiwa na nyimbo zile zile, hupokewa kama mvua ya kwanza. Wa nyumbani huulizwa kama spika yake imepona. Na juu ya yote hutajwa methali ambayo watu wa pwani wanaijua tangu utotoni: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Methali hiyo yafaa isikilizwe vizuri kabla ya kutumiwa. Haikusema kwamba kizuri hujificha. Yasema hakijitembezi. Baina ya kujificha na kujitembeza kuna nafasi pana, na humo ndimo mpigaji wa nyumbani anamopaswa kukaa: mahali pa kuitwa. Kitu kizuri kimekaa pake, kinajulikana, mwenye haja nacho hukifuata. Anayejificha ili atafutwe anajitembeza vile vile, ila amepita njia ya uchochoroni.

Tena shauri la kuadimika limetoka sokoni, na soko hilo ni la mji mkubwa. Dar es Salaam, DJ mmoja akinyamaza mwezi mzima hapana anayelala bila muziki. Wako wengine mia. Uadimu wake humdhuru yeye au kumfaidi yeye, basi. Kate si hivyo. Huko mwenye mashine akijifanya adimu, tajiri hapati hasara: atatuma gari Sumbawanga, na kwa jinsi barabara za Rukwa zilivyotengenezwa katika miaka ya 2010 safari si ya kuogopwa kama zamani. Anayebaki mkono mtupu ni mjane anayeoza binti yake kwa michango ya majirani, ambaye bajeti yake yote ya muziki ni debe mbili za mahindi na ahadi. Binti huyo ataolewa siku moja tu. Kumwambia kwamba fundi wa kijiji hapigi mwezi huu kwa kuwa anaitunza thamani yake ni kumwambia kwamba yeye si katika watu ambao thamani hiyo inatunzwa kwa ajili yao.

Ufipa wenyewe umewahi kuwa na mafundi waliojua jambo hili. Mpaka nusu ya kwanza ya karne ya 20 Wafipa walikuwa wayeyushaji wa chuma wenye sifa, na tanuri zao za udongo, malungu, zilizopita kimo cha mtu kwa mbali, nyingine bado zimesimama porini zikiliwa na mvua. Kazi ile ilifanywa kiangazi, kwa miiko mizito; mafundi walijitenga na wake zao siku zote za moto. Mtu angeweza kusema kwamba hao nao waliadimika. Lakini hesabu ya moto wao haikutoka katika hamu ya kutamaniwa. Ilitoka katika ukavu wa kuni na katika jembe ambalo mkulima alilihitaji kabla ya mvua. Fundi aliyekataa kuwasha tanuri ili majembe yapande bei hangekuwa na sifa ya ufundi mkubwa. Angekuwa na sifa nyingine, na katika nchi iliyoogopa uchawi kama Ufipa sifa hiyo haikuwa ya kutaniwa. Mji mkuu wa mkoa huo, kwa maelezo yanayosimuliwa na wengi, una jina lenye maana ya kuutupa uchawi.

Hoja nyingine ya wanaopenda uadimu ni kwamba kupiga kwao mara kwa mara humlevya msanii, akabweteka. Hii ndiyo hoja ya kuangaliwa kwa makini, maana kama ni ya kweli, basi wema kwa majirani unaiua sanaa, na mjane atapewa muziki mbovu. Historia ya muziki wa Afrika Mashariki, hata hivyo, yaishuhudia kinyume.

Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, hakusubiri watu wa Ng'ambo wamtamani. Nyumba yake ilikuwa mahali pa kukutania jioni. Majirani waliingia na habari za mjini, za mahakama, za wanaume waliodhulumu na wanawake waliodhulumiwa, na habari zikageuka nyimbo. Alipokwenda Bombay mwaka 1928 kuingia katika santuri, alichokibeba kilikuwa kimepikwa miaka mingi mbele ya watu waliokuwa wakimsikia karibu kila siku na ambao hawakuona haya kumwambia pale wimbo ulipolegea. Santuri zikarudi, zikaenea pwani na bara. Pasingekuwa na zile jioni za Ng'ambo, Bombay ingerekodi nini?

Ndivyo ilivyokuwa kwa bendi za dansi za Dar es Salaam. NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo baadaye iliitwa JUWATA, kisha OTTU, na mwisho Msondo Ngoma, na mshindani wake Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, zilipiga siku nyingi za juma mbele ya mashabiki wale wale. Wimbo mpya ulijaribiwa ukumbini kabla haujafika studio ya Radio Tanzania. Mashabiki waliukubali kwa miguu au waliukataa kwa kurudi vitini. Hakuna mwalimu wa muziki aliye mkali kama sakafu inayobaki tupu, na sakafu ya kwenu ndiyo isiyodanganya, kwani mgeni hupigiwa makofi kwa adabu.

Na ma-DJ wenyewe wana ushahidi wao. Singeli, ambayo mwaka 2017 ilitolewa katika mkusanyiko wa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala na kisha ikazunguka majukwaa ya Ulaya, haikubuniwa na watu waliojiweka kando. Ilitoka katika sherehe za mitaani za usiku kucha huko Uswahilini, Dar es Salaam, ambako wapigaji walichukua vipande vya taarabu, wakavirudiarudia na kuviongezea kasi ili wachezaji wasikae. Wapenzi wa taarabu wana haki ya kuguna kwa yale yaliyoifika fidla humo. Hata hivyo, ni vigumu kukataa kwamba mtindo ule ulizaliwa na wingi wa kupiga: mtu aliyepiga mtaa ule ule juma baada ya juma alilazimika kuufanya wimbo ule ule uwe kitu kingine. DJ anayepita kila mahali mara moja kwa mwaka halazimiki. Orodha moja ya nyimbo humtosha mwaka mzima, na kila mji utaiona mpya.

Kwa hiyo uchovu unaoogopwa hauletwi na hesabu ya mara. Huletwa na mpigaji aliyeacha kusikiliza. Huyo akipiga kila juma atachosha. Na akipiga mara moja kwa mwaka atachosha mara moja kwa mwaka.

Ipo lakini taabu ambayo wasifiaji wa ukarimu hupenda kuirukia, nayo ni bei ya undugu. Katika kata ndogo karibu kila anayealika ni mjomba, shangazi, mtani, au aliyesoma naye darasa moja. Kila mmoja hutaka apunguziwe, na baadhi hutaka bure, tena huanza na maneno ya kumkumbusha alivyobebwa mgongoni. Petroli ya jenereta haijui ukoo. Koili ya spika ikiungua haisamehewi kwa kuwa iliunguzwa na ngoma ya binamu. Mpigaji akilikubali kila ombi kwa bei ya undugu, mwaka wa pili hana mashine, na mjane aliyetajwa hapo juu hatapata kitu vile vile. Kwa haki, basi, deni ni la pande mbili: kama yeye hana ruhusa ya kujiadimisha, wao nao hawana ruhusa ya kumla. Aliye nacho na alipe kamili hata akiwa mjomba, na hasa akiwa mjomba. Anayekwenda Sumbawanga kukodi mashine ya fedha nyingi, kisha akirudi amtaka kijana wa kwao aje bure kwenye ubatizo, ndiye anayemfundisha kijana huyo kukimbilia mjini.

Hata hivyo yote haya yahusu wale wanaoalika. Wapo wasioalika, nao husikia. Katika uwanda usio na miti, spika za harusi moja huingia katika nyumba zote: kwa mgonjwa, kwa mtoto mwenye mtihani, kwa mzee anayeamka alfajiri kwenda shamba, kwa padri katika misheni iliyokuwapo tangu enzi za Mapadri Weupe. Swali la mara ngapi lina upande huu wa pili, nao ndio hasa wa kijiji: watu wasio na haja ya muziki wapewe kimya mara ngapi?

Hapa hesabu haikuachwa mikononi mwa DJ peke yake, wala ya afisa mtendaji anayetoa kibali. Majira yenyewe yamekwisha kuigawa. Mvua zinapoanza mwezi wa Novemba watu wamo mashambani. Kwaresima ikifika, katika nchi ya Wakatoliki wengi kama Ufipa, harusi aghalabu husimama mpaka Pasaka. Mahindi yakishavunwa, kuanzia Mei na kuendelea, ndipo fedha na nafasi hukutana, na kwa miezi michache mpigaji halali. Msomaji wa kisiwani hana haja ya kuelezwa zaidi. Anajua Ramadhani inavyovinyamazisha vikundi vya taarabu, vyombo vikafungwa, na jinsi ule usiku wa kwanza wa Idd unavyopata utamu ambao hakuna tangazo lingeweza kuununua. Huo ndio uadimu halali. Haukupangwa na msanii kwa faida yake. Umewekwa juu ya wote, yeye na wasikilizaji wake, wakafunga pamoja na wakafungua pamoja. Mpigaji wa Kate aliyepiga harusi nne mwezi Agosti na asipige hata moja katika Kwaresima hakukosea kuzidisha wala kupunguza.

Linabaki jambo moja ambalo kalenda hailijui, nalo ni msiba. Mtu akifa Alhamisi na harusi ni Jumamosi, nyumba mbili tatu mbali, kamati ya harusi hujikuta na ng'ombe aliyekwisha kununuliwa, pombe iliyokwisha kupikwa, na wageni walio njiani kutoka Kirando. Kisheria hapana anayeweza kuwazuia. Mjini spika zingelia, na wafiwa wangefunga madirisha. Kijijini DJ ndiye mara nyingi wa kwanza kutazamwa, kwani bibi harusi na marehemu wote ni watu wake, na arubuni ya kamati amekwisha kuinunulia petroli. Kamati yaweza kumwomba apige taratibu, ndani, mpaka saa mbili tu. Yaweza kumkumbusha kwamba mkataba ni mkataba. Anayejua kazi yake huipeleka ile petroli msibani, ipate kuwasha taa za wakeshaji. Arubuni huhesabiwa kwa siku nyingine. Na spika hukaa chini ya turubai mpaka wafiwa waanue matanga.